Baridi ya Saa Nane Mchana

Lodwar nzima hapakuwa na mtu aliyelijua joto kama Akoru. Haya, mbuzi walimshinda, maana mbuzi hukimbilia kivuli bila kungoja kuulizwa anajisikiaje. Akoru alingoja kuulizwa. Tena alingoja kwa hamu.

Mwanawe Nanok alijenga vyumba vya kupangisha kuzunguka ua ulio wazi juu, akamwachia mama funguo, akaenda zake Lokichar kutafuta kazi. Wapangaji wakahama mmoja mmoja. Akoru akabaki na milango iliyofungwa pande zote, akawa anaamkia ukuta asubuhi, na ukuta una kiburi.

Ndipo akaja Stéphanie, msichana Mkongomani aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, anayesomea ujenzi. Alisimamisha vijimashine vya kupima joto na upepo katikati ya ua, akafungua kompyuta yenye picha ya ua uleule. Kompyuta ilikisia jinsi mtu aliyekaa pale angejisikia. Kisha aliulizwa mtu mwenyewe, ndiye Akoru.

"Koko," alisema, maana kwao bibi huitwa hivyo, "majibu yako na ya kompyuta yakipatana, kazi imekwisha. Sitakusumbua tena. Kule Kakuma tutajenga shule yenye ua kama huu."

Katika maneno yote hayo Akoru alisikia moja tu: imekwisha.

"Sasa unajisikiaje?"

Ilikuwa asubuhi, upepo unapita taratibu kutoka mtoni. Raha tupu.

"Naungua, mjukuu wangu."

Stéphanie akajikuna kichwa. Siku ya Jumanne akarudi, jua likiwa utosini, na Akoru akasema anatetemeka. Chai ya maziwa ilikuwa tayari.

"Hiyo kompyuta yako imezaliwa wapi?"

"China, koko."

"Si nilijua! Bado mgeni. Iache izoee."

Msichana alicheka hadi chai ikamwagika. Alipoondoka, Akoru aliosha vikombe viwili, akakaa navyo mapajani mpaka vikakauka. Lodwar vikombe havichelewi kukauka. Hata hapo hakupata kazi ya kumpotezea jioni.

Safari iliyofuata Stéphanie alikuja amechoka, hakugusa chai.

"Koko, mwalimu wangu amesema tukikosa kupatana leo, niandike kwamba ua haufai. Watajenga madarasa ya mabati yaliyobanana, basi."

Akoru aliwaona watoto wa watu wakichemka ndani ya mabati kama maharagwe. Moyo ukamwuma kweli. Lakini alikuwa ameshajifunika blanketi tangu aliposikia hodi, na blanketi halivuliwi hivihivi mbele ya mgeni.

"Ni saa nane mchana. Niambie ukweli. Unajisikiaje?"

Ukweli ulikuwa umefika hadi ncha ya ulimi. Akoru akautazama ua, mlango kwa mlango, makufuli yote yakining'inia. Akaumeza.

"Baridi," alisema. "Baridi ya kuua mtu."

Tone la jasho likamtoka kwenye paji la uso, likashuka shavuni, likapita juu ya shanga zake safu kwa safu bila haraka, likadondoka mkononi mwa Stéphanie aliyeinama kuligusa blanketi.

Msichana aliutazama mkono wake, kisha akamtazama yeye.

"Koko. Na hili ni nini?"

"Umande," alisema Akoru. "Njoo Jumanne uuone vizuri."