Kengele ya Wodi ya Pili

Nilishawaambia. Mara tatu, tena kwa maandishi. Skrini ishirini na mbili za kumwonyesha mkurugenzi wa hospitali akisema "karibuni sana" kutwa nzima zingeielemea swichi yetu, kile kisanduku kinachogawa mtandao. Kila kitu cha mtandao kinapita kwenye swichi hiyo, kuanzia majibu ya maabara hadi barua pepe za wakubwa. Ile video ni data ya kundi: inaingia mara moja, swichi inaigawa kwa wengi. Na swichi yetu, kwa uzee wake, inaigawa hata kwa wasioiomba. Wakubwa wakaniambia nisilete maneno mengi.

Jumatatu asubuhi skrini zikawashwa, majibu ya maabara yakakwama. Siku nyingine ningevumilia, ila mama yangu mzazi alikuwa amelazwa wodi ya pili, nyonga imevunjika, na daktari hampasui mtu kabla ya kuona majibu ya damu kwenye kompyuta.

Mpimaji wa maabara akanipigia simu. "Fundi, mtandao wako leo vipi? Damu ya mama nimeshapima. Natuma majibu, hayafiki."

"Si wangu, ni wa Karibuni," nikamjibu. Ndivyo tulivyombatiza mkurugenzi.

Nikaingia chumba cha mitambo nimefura. Dawa yake naijua: unaiwekea swichi kikomo, data ya kundi ikizidi hapo inatupwa. Unaweka kwenye poti moja tu, yaani tundu la waya, ile inayoingiza video. Lakini nilikuwa nimechoka kupuuzwa. Nikaweka kikomo cha chini kabisa, poti zote kwa mpigo.

Skrini zikaganda, Karibuni mdomo wazi. Majibu ya mama yakafika papo hapo. Nikacheka peke yangu, kisha nikakaa ofisini saa nzima nikijisifu kwa kila aliyepita.

Nilipokwenda wodini kumpa mama habari njema, nilimkuta ameugeukia ukuta. Godoro lilikuwa limelowa.

"Nimebonyeza kengele mpaka kidole kinauma," akasema polepole. "Nilitaka kusaidiwa kwenda chooni tu. Hakuna aliyekuja."

Nesi akaja mbio. "Haikulia, kaka. Saa nzima sasa hakuna kengele hata moja iliyolia, tukadhani wagonjwa wametulia."

Kengele nazo ni data ya kundi: mgonjwa anabonyeza, simu za manesi wote zinalia pamoja. Nilizifunga mwenyewe, kwa mikono yangu hii.

"Usiwagombeze manesi," mama akasema. "Wewe si fundi wa hapa? Mtafute huyo aliyeharibu kengele, mwanangu. Mwambie amenidhalilisha mbele za watu."

"Ni mimi, mama."

Akalivuta shuka mpaka kidevuni, akabaki ameutazama ukuta.