Mlango Uliozibwa

Nyumba ya Bi Stamili pale Chiungutwa haikujengwa mara moja, iliongezwa. Kiini chake kilikuwa chumba cha mawe na udongo alichokiinua bibi yake, Mjerumani akingali mtawala. Ubavuni kikaja chumba cha miti, halafu baraza ya saruji, halafu vyumba viwili vya matofali ya kuchoma vilivyotokana na fedha za korosho. Sakafu zilipishana kimo, madirisha hayakulingana, na paa moja la nyasi likavifunika vyote.

Mwaka 1955 ukoo ukaamua kuezeka mabati. Kazi akapewa Yohana, mume wa Dorothy, binti wa nyumba ile. Yohana alijifunza ujenzi misheni, kule Lulindi, na hakuwa mtu wa kuamini jicho. Aligonga, akapima, akauliza. Lakini chumba cha mawe kilikuwa cha mama mkwe wake, na tangu amwoe Dorothy, yeye na Bi Stamili hawakuwahi kusemezana wala kupishana njiani. Mmoja akitokea, mwingine huchepuka. Ndiyo heshima. Basi ukuta ule aliupima kwa nje tu. Ya ndani akamtuma mkewe kuuliza.

"Muulize mama kama ukuta huu wa barazani uliwahi kuwa na mlango mwingine."

Dorothy alikwenda, akarudi. "Anasema ukuta ni mzima."

Siku ya kupandisha boriti, Bi Stamili alichelewa kuamka. Alipotaka kutoka, mkwe alikuwa tayari barazani, hatua moja kutoka mlango wake. Akarudi kuketi kitandani, akingoja aondoke.

Boriti ya mninga ilivutwa kwa kamba, ncha yake ikalazwa juu ya ukuta. Kwanza lipu ilidondoka. Kisha ukafunguka ufa.

Yohana aliutazama. Ufa wa ukuta wa mawe hupinda, ukiyazunguka mawe. Huu ulishuka wima, kama uliopigwa timazi. Kando yake, upana wa mtu mmoja, ukashuka wa pili. Katikati ya nyufa hizo ukuta ulianza kutuna.

Palikuwa na mlango.

Alinyakua gogo, akalisimika chini ya ncha ya boriti, akaliegemeza kwa bega.

"Mjomba! Nani yumo ndani?"

"Dada yangu," alijibu Mzee Majaliwa, aliyekuwa akisimamia wavuta kamba.

"Atoke sasa hivi!"

"Atatokaje, baba? Wewe umesimama mlangoni."

"Mimi nikisogea, hii inashuka."

"Nipe mimi nishike."

"Usiguse! Ukiligusa gogo, linateleza."

Dorothy alikuja mbio kutoka jikoni, mikono imejaa unga. Aliona nyufa, akasimama.

"Ulimuuliza mama nini?" Yohana alisema bila kugeuza shingo.

"Nilimuuliza kama ukuta ni mzima. Ningemtajiaje mlango uliopitishiwa maiti ya baba?"

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Maiti ya mwenye chumba ikishatoka, mlango wake huzibwa, mwingine hutobolewa kando, na hakuna anayeunyooshea kidole tena.

"Mama!" Dorothy aliita. "Toka, ukuta unaanguka!"

"Mwambie mkwe wangu asogee."

"Hawezi, mama!"

"Basi na mimi siwezi."

"Dada," Majaliwa alifoka, "heshima gani hiyo ya kufia kitandani? Tukuzike na boriti?"

Jiwe lilichomoka, likadunda barazani. Gogo lilisogea kwa upana wa unywele. Yohana alihisi uzito ukihama kutoka ukutani kuja begani kwake, na akajua kwamba bega halitatosha.

"Shikamoo, mama," alisema.

Wavuta kamba walitazamana. Lakini shikamoo haiachwi bila kujibiwa.

"Marahaba," sauti ilitoka ndani, kwa shida.

"Nimefumba macho, mama. Pita."

"Fumba vizuri."

Alifumba. Alisikia nyayo, kisha kanga ikamgusa mkono, na harufu ya moshi wa jikoni ikapita.

"Amepita!" Dorothy alipiga kelele.

Yohana aliliacha gogo, akaruka. Ukuta ulianguka kati ya nyufa mbili, na ncha ya boriti ikatua kitandani.

Vumbi lilipotulia, aliyachunguza mawe. Ubao wa juu ya mlango wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa, na udongo wa kuzibia haukushikamana na mawe popote. Chini kulikuwa na jiwe la kizingiti, limeliwa katikati na nyayo.

Bi Stamili alikwisha jibanza nyuma ya jiko. Sauti yake ilifika barazani bila taabu, lakini alimwita binti yake.

"Dorothy, mwambie mkwe wangu, mlango wangu mpya autoboe ukuta wa nyuma. Nisipite tena mbele yake."

Yohana alijipangusa vumbi usoni. "Muulize mama, ukuta wa nyuma uliwahi kuwa na mlango? Muulize kwa maneno hayo hayo."

Dorothy alifungua kinywa. Kabla hajatamka, jibu lilitoka nyuma ya jiko.

"Mwambie upo. Alitolewa hapo bibi yangu. Karibu na pembe."

Yohana alichukua nyundo, akazunguka nyuma, akaanza kugonga toka mwanzo wa ukuta. Mawe yalijibu kwa ukali, moja baada ya jingine. Karibu na pembe, sauti ikawa ya udongo.