Mwenyekiti wa Sebule

Mama mkwe alipohamia kwao, fundi majokofu alijiapiza kuwa mkwe wa kupigiwa mfano, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Heshima ilizidi kipimo. Akirudi kazini anavua viatu mlangoni, anainamisha kichwa, anasema, "Shikamoo, Mama." Mama anajibu, "Marahaba, mkwe. Za kazi?" "Nzuri, Mama." "Haya, vizuri." Basi. Mazungumzo yamekwisha, na jioni ndiyo kwanza inaanza.

Mkewe angeweza kuwaokoa, maana alikuwa na mdomo wa kutosha watu watatu. Lakini yeye alikuwa mwoka mikate, na siku nyingi zamu yake ilikuwa ya mchana, harudi mpaka giza limeshika. Kwa hiyo fundi na mama mkwe walibaki sebuleni, huyu kwenye kochi, yule kwenye kiti cha dirishani, kila mmoja akimwogopa mwenzake kwa adabu. Fundi akikohoa, Mama anashtuka. Mama akisogeza kikombe, fundi anainuka nusu akidhani ametumwa.

Aliyewaokoa alikuwa mjusi.

Hakuwa mjusi wa ukutani huyu tumjuaye. Mteja mmoja aliyekuwa akihamia mbali ndiye aliyemwacha kwa fundi, pamoja na sanduku la kioo, mchanga na taa ya joto. "Wewe ni mtu wa ubaridi na joto," alimwambia. "Huyu anachotaka ni joto tu, basi." Mjusi huyo alikuwa na urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, rangi ya mchanga mkavu, na chini ya kidevu alikuwa na miiba laini mithili ya ndevu. Akiudhika, ndevu zinavimba na kuwa nyeusi tii. Ikawa kutwa nzima fundi anahangaika kuwapa watu ubaridi, jioni anarudi kuhangaika kumpa mjusi joto.

Mwanzoni Mama alikaa naye mbali. Kisha siku moja mjusi aliinua mkono mmoja, akauzungusha hewani taratibu, kama wafanyavyo wa aina yake. Mama akamkazia macho.

"Mkwe, huyu ananiamkia?"

"Nadhani, Mama."

"Marahaba, mjukuu wangu," Mama akamwambia mjusi. Na mjusi akatikisa kichwa juu chini, juu chini, kwa uzito, kama mtu aliyesikiliza hoja na kuiridhia. Mama alicheka mpaka akajishika ubavu. "Huyu si mjusi. Huyu ni mwenyekiti!"

Jina likaganda. Tangu hapo nyumba ikawa na la kuzungumza. Mwenyekiti ameshindaje? Mwenyekiti leo kanuna. Mwenyekiti kamla panzi, kamwacha mguu mmoja kama anayeweka akiba. Mama, aliyekuwa mkunga maisha yake yote kabla ya kustaafu, alijichukulia kazi ya kumkatia majani ya mboga, vipande vyembamba kama vya kumlisha mgonjwa. Fundi alimweleza habari za taa na vipimajoto, naye Mama alisikiliza kwa makini ambayo fundi hakuwahi kuyapata kwa mkewe hata siku moja.

Wiki moja Mwenyekiti alianza kuchimba. Alichimba pembe hii, akahamia ile, mchanga ukiruka mpaka kwenye kioo.

"Anatafuta mafuta," Mama alisema.

"Akiyapata, Mama, mimi naacha ufundi."

Walicheka wote wawili. Hawakujua.

Jumamosi asubuhi fundi aliwasha taa kama kawaida, Mwenyekiti hakusogea. Alikuwa amelala kifudifudi, ndevu nyeusi, mdomo wazi kidogo, tumbo limejaa upande. Fundi alimwita. Alimgusa mgongo. Jicho moja likafumbuka, likafumba.

"Mama!" Fundi alipiga kelele, bila shikamoo, bila chochote.

Mama alitoka chumbani na kitambaa cha kichwa kikining'inia sikioni. Aliangalia mara moja tu. "Washa gari," alisema.

Mkewe siku hiyo alikuwa kazini tangu alfajiri. Walimzungushia Mwenyekiti sweta la fundi, wakamwekea chupa ya maji ya moto pembeni, na Mama akampakata ndani ya kile kigari cha kazi kilichokuwa bado kimebeba jokofu la mteja nyuma. Kila wakipita kwenye shimo jokofu linagonga ubavuni, na kila likigonga Mama anasema, "Taratibu, baba, una mgonjwa." Fundi aliendesha akiwa amesahau kubadilisha malapa.

Kwa daktari wa wanyama palikuwa na paka wawili, mbwa aliyefungwa mguu, na bwana mmoja mwenye kuku kapuni. Wote waligeuka. Msichana wa mapokezi akauliza jina la mgonjwa.

"Mwenyekiti," fundi alisema.

"Mwenyekiti wa nini?"

"Wa sebule," Mama alidakia. "Binti, fanya haraka."

"Dume au jike?"

"Dume," walijibu kwa pamoja, na yule bwana wa kuku akatikisa kichwa kukubaliana nao, maana ndevu zilikuwa zinaonekana.

Daktari alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye mikono midogo ya upole. Alisema wazi kwamba wajusi wa namna ile aliwahi kuwatibu wachache tu, na kwamba atafanya analoliweza. Alimpapasa Mwenyekiti tumbo, akampiga picha ya eksirei, akaitundika kwenye mwanga. Ndani ya tumbo, zimebanana kama shanga kwenye mfuko, zilionekana duara nyeupe nyingi.

"Hayo ni mayai," daktari alisema. "Mgonjwa wenu ni jike. Alitaka kutaga, ameshindwa, yamekwama."

Fundi alimtazama Mama, na Mama alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Lakini anaishi peke yake," fundi alisema. "Hajawahi hata kumwona mwenziwe!"

"Kuku naye hutaga bila jogoo. Hayatoi vifaranga, lakini lazima yatoke. Hakuwa anachimbachimba siku hizi?"

Fundi alihisi masikio yakimwaka. Mafuta! Walikaa pale wakimcheka mzazi anayetafuta pa kujifungulia.

Mama alivuta pumzi ndefu. "Daktari," alisema polepole, "mimi ni mkunga. Nimepokea watoto wa watu mpaka nimewapokea watoto wa wale watoto. Na nimekaa na mja mzito sebuleni, namkatia mboga kila siku, namwita bwana!"

Daktari alijaribu kuzuia kicheko, kikamshinda. Mama naye akacheka, huku machozi yakimlenga, na fundi akajikuta anacheka bila kutaka, akiwa ameshikilia meza.

Kisha daktari akawaeleza lililobaki. Dawa ya kusukuma mayai isingefaa tena, mgonjwa alikuwa amechelewa. Ilibaki kumpasua, na kwa hali aliyokuwa nayo, tumaini lilikuwa dogo. Bila kupasuliwa halikuwepo kabisa.

"Fanya," fundi alisema, kisha akakumbuka adabu. "Au unasemaje, Mama?"

"Umeshasema, mkwe. Umesema sawa. Daktari, naomba nikae naye mpaka dawa ya usingizi imshike."

Daktari akamruhusu. Kupitia mlango uliobaki wazi kidogo fundi alimwona Mama ameinamia meza, kidole kimoja juu ya kile kichwa chenye miiba, midomo ikichezacheza. Hakusikia alichosema. Aliona tu mabega ya Mama yakishuka, kama ya mtu aliyerudi kwenye kazi anayoijua.

Walingoja kwenye benchi. Bwana wa kuku aliondoka, wa paka wakaondoka. Fundi hakuthubutu kuzungumza, na safari hii kimya hakikuwa cha adabu. Daktari alipotoka, alikuwa ameshavua glavu.

"Mayai yote yalitoka," alisema. "Lakini moyo ulikuwa umechoka sana. Umesimama tukiwa tunamshona. Poleni."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alifungua mdomo kushukuru, kama inavyompasa mtu mzima, na badala ya shukrani kilitoka kilio. Alilia vibaya, kwa kwikwi, mwanamume mwenye ndevu zake, mbele ya mama mkwe, amevaa malapa. Aibu ilimjaa, na kadiri ilivyomjaa ndivyo alivyozidi kulia.

Mama alivua mtandio wake, akamkabidhi. "Lia, mwanangu. Hapa hakuna mkwe."

"Ningejua, Mama. Ningemwekea mchanga wa kutosha, ningemleta mapema..."

"Mimi mkunga sikujua. Wewe wa majokofu ungejulia wapi?" Akangoja mpaka fundi akapenga kamasi. "Mtandio huo usinirudishie leo. Ukafue kwanza."

Jioni mkewe alirudi na unga kwenye nyusi. Hakuwahi kumgusa Mwenyekiti hata mara moja. Alikuwa akipita mbali na kioo kama anayepita karibu na askari. Alisikiliza habari yote amesimama, akaketi, akasema, "Jike?" Akajipangusa unga usoni. "Mwanamke mwenzangu yuko humu ndani na ndevu zote zile, na hamkuniambia!" Halafu akatokwa na machozi, akajishangaa mwenyewe.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi upana wa mkeka, mahali jua linapopiga mchana kutwa. Fundi alichimba kwa bisibisi kubwa na mwiko wa jikoni, kwa kuwa jembe hawakuwa nalo. Walimlaza ndani ya lile sweta. Mkewe akasema aseme mtu neno, haiwezekani mtu azikwe kimyakimya kama taka. Wakamtazama Mama.

"Alikuwa mtulivu," Mama alisema. "Hakumsema mtu. Hakuomba sukari kwa jirani. Tulimkosea jinsia, akatuvumilia. Alale salama."

"Alale salama," wakaitikia, na mkewe akaguna, kicheko kikamtoka puani, wakashindwa wote watatu kujizuia.

Siku zilizofuata ndizo zilizokuwa ngumu. Fundi alianza kuchelewa kurudi. Alipata majokofu ya kusafisha ambayo hayakuwa machafu, akakaza skurubu zilizokwisha kukazwa. Kusema kweli aliogopa ile sebule. Alijiuliza yeye na Mama wataambiana nini sasa, baada ya "za kazi". Mkewe ndiye aliyemshtukia. "Mama anauliza kama amekuudhi," alimwambia walipokuwa wakitandika kitanda. "Mtu mzima anakaa kwenye kiti anasikiliza mlango. Rudi nyumbani, wewe."

Kesho yake alirudi mapema. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, mboga zimebandikwa jikoni. Sanduku la kioo lilikuwa palepale, taa imezimwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Za kazi?"

"Nzuri." Fundi alikaa. Alisikia neno "vizuri" likija, na kabla halijafika akaropoka, "Mama, kule kwa daktari, ulikuwa unamwambia nini?"

Mama aligeuka.

"Nilimwambia ninachowaambia wote. Binti, usikaze taya, wewe si wa kwanza." Akatabasamu. "Kuna mmoja nilimwambia hivyo akaniuma. Mama mmoja mdogo, kimo hiki. Alitaka aletewe mumewe amng'ate, na mume amejificha kwenye mti. Basi akaning'ata mimi." Alikunja mkono wa gauni, akaonyesha kovu la mwezi mchanga juu kidogo ya kifundo cha mkono.

"Kwenye mti, Mama?"

"Mtoto amezaliwa, amefunikwa, mti bado una mtu! Ilibidi tumpelekee ngazi."

Fundi alicheka mpaka akateleza kwenye kochi. Naye akamsimulia juu ya mteja aliyempigia simu kwa hofu kwamba jokofu lake linaongea, na kumbe mtoto wake alikuwa amefungia redio ndani, taarifa ya habari ikisomwa katikati ya nyanya. Mama akasema uongo huo. Fundi akaapa. Mama akasema basi ngoja nikupe wa kwangu, na akampa, na ulikuwa wa mapacha na punda, na fundi akataka kujua punda aliingiaje.

Hawakusikia ufunguo. Mkewe alisimama mlangoni na mkate kwapani, akimwangalia mumewe aliyekaa sakafuni na mama yake anayejipangusa machozi. Kisha akanusa hewa.

"Na hizo mboga zinazoungua," akauliza, "nani anaziangalia?"

Mkwe na mkwe walitazamana, na kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole.