Mtungi Uliosubiri Maji

Vijana wa kata walinikuta uani napukuchua mahindi, wote wamevaa fulana mpya za miaka sitini ya Uhuru. Shikamoo bibi, marahaba wanangu. Wakaniambia siku ya sherehe nitasimama mbele ya mgeni rasmi, nieleze tulikotoka.

"Ueleze mafanikio, bibi," akasema mmoja.

"Na yasiyofanikiwa nimweleze nani?"

Akacheka. Watoto hawa wakikosa jibu hucheka.

Ningewafukuza, ila walisema na jambo jingine. Siku hiyohiyo bomba la maji la kitongoji chetu lingefunguliwa. Bomba! Hapa kwetu, nje kidogo ya Tunduma, ambako tunaamka kabla ya jogoo kuwahi foleni ya maji. Niliacha mahindi pale chini, nikaingia ndani, nikautazama mtungi wa mama kwenye kona yake. Nikalia kama mtoto.

Hebu niwaambie habari ya huo mtungi, la sivyo mtasema Bibi Ferista kazeeka vibaya.

Katika ukoo wetu, mwanamke akizikwa, mtungi wake hutobolewa kitako na kufunikwa kichwani mwa kaburi. Maana yake kazi imekwisha, apumzike. Yule ambaye mtungi wake haujatobolewa, wazee walisema, bado yuko njiani kwenda kuteka maji. Wachungaji walikemea hilo, walipochoka wakanyamaza.

Mama yangu, Marita, aliteka maji ng'ambo, Rhodesia wakati ule, kwenye chemchemi ya binamu zake. Mpaka ulikuwa nguzo tu za Waingereza. Unavuka, unasalimia ndugu, unajitwika, unarudi. Lakini kiangazi kimoja, mwaka wa hamsini na sita nadhani, chemchemi ilikauka. Karibu na barabara palikuwa na nyumba ya Mzungu mmoja wa serikali, na bustanini kwake palikuwa na bomba la kumwagilia maua. Mpishi wake alimhurumia mama, akamjazia mtungi. Tulikuwa tumeshafika getini, mimi na kibuyu changu nyuma yake, askari akatuita. Mwafrika mwenzetu, wala si Mzungu. Akamtua mama mtungi, akaumimina wote barabarani, taratibu, huku anamtazama. Hata maua hayakupata.

Mama hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na akanipiga kofi ili ninyamaze.

Mwaka uliofuata, mwalimu Amoni alianza kuja nyumbani kwetu kuongea na wanaume habari za TANU. Aliwauliza wanataka nini nchi ikijitawala. Huyu akasema kodi ya kichwa ifutwe, yule akasema shule za juu. Mama akasema kutoka mlango wa jikoni, "Mimi nataka maji."

Weee! Walicheka hao. Mjomba Yonasi, kaka yake mama, akajipiga mapajani kwa kicheko. "Dada, sisi tunaongea habari ya nchi, wewe unatuletea habari ya mtungi!"

Mwalimu Amoni hakucheka. Alisema, "Nchi yenyewe ni nini kama si mtungi wa mama huyu? Mama Ferista, tukijitawala, maji yatakufuata mlangoni."

Basi mama alimwamini, na alipoamini hakuamini nusu. Tawi la chama hapa kwetu lilikuwa halijaruhusiwa, na wanaume walipekuliwa njiani. Mama akazifunga kadi za chama kwenye kitambaa, akazitia mtungini, akaziba mdomo kwa majani kama wafanyavyo wateka maji, akapita nazo kichwani mbele ya askari yuleyule. Akamwamkia kwa heshima zote! Alipita hivyo mara nyingi, na hakuna aliyemshuku, maana nani anamtazama mwanamke mwenye mtungi? Mjomba Yonasi, yule wa vicheko, kadi yake ilifika ndani ya mtungi huo.

Alikufa kwa homa mwaka wa sitini, bendera ya Mwingereza ikiwa bado juu. Siku ya mwisho alinishika mkono.

"Mtungi wangu msiutoboe," akasema.

Mjomba Yonasi akashtuka. "Dada, usiseme hivyo. Utatembea mpaka lini?"

"Mpaka maji yafike mlangoni. Mwalimu alisema yatafika. Ferista, yakifika, uujaze, unimwagie kaburini, kisha utoboe. Mimi nitasubiri. Nimezoea kutembea."

Ahadi ni deni. Tukamzika bila mtungi kichwani, na watu walinong'ona mpaka wakachoka.

Uhuru ulikuja, tukacheza ngoma mpaka nyayo zikachubuka. Nikaolewa, nikahama na mtungi. Mume wangu alisema ninafuga mzimu ndani ya nyumba. Amekufa yeye, mtungi ukabaki. Kila kiangazi mwanasiasa mmoja alikuja kutuahidi maji, na kila kiangazi niliupangusa mtungi vumbi. Binti zangu walijitwika ndoo, wajukuu wakajitwika ndoo. Nami usiku wa upepo nilikuwa nikisema moyoni, yule mama bado yuko njiani.

Haya. Siku ya sherehe ikafika. Nilisimama, nikasema kweli yangu, maana sipendi mtu asiye na shukrani. Nilisema shule tunazo, na mjukuu wangu mmoja ni muuguzi. Nilisema lami ipo, taa zipo, malori yanapita hapa usiku na mchana kwenda hadi Kongo. Nilisema leo hakuna mtu wa kuninyang'anya mtungi getini kwa Mzungu. Wakapiga makofi. Mgeni rasmi akakata utepe, akafungua koki, na maji yakatoka! Meupe, yana nguvu, yakamrukia mpaka viatuni. Wanawake tulipiga vigelegele hadi sauti zikatukauka.

Niliukinga mtungi wa mama chini ya koki kwa mikono yangu, ukajaa. Watu wa picha wakakimbilia, bibi na mtungi wa kale, tabasamu bibi. Nilitabasamu, kwa nini nisitabasamu?

Mimi na mjukuu wangu Leah tukaenda moja kwa moja makaburini. Nilimmwagia mama maji yote, nikamwambia, "Mama, yamefika. Mwalimu hakusema uongo. Pumzika sasa." Nikauinamisha mtungi, nikautoboa kitako kwa jiwe, nikaufunika kichwani pake. Nililala usiku ule kama niliyetua mzigo wa kuni.

Asubuhi Leah alienda bombani na ndoo. Akarudi nayo tupu. Nikadhani ni uvivu, nikaenda mwenyewe na mkongojo wangu. Nikafungua koki. Ikakohoa upepo, ikanyamaza.

Timotheo, mlinzi wa tangi, alikuwa amekaa kivulini, hataki kunitazama.

"Bibi, usinitaje," akasema. "Yale maji yaliletwa na boza, juzi, yakajazwa tangini kwa ajili ya mgeni. Pampu haijanunuliwa. Hata bomba la kutoka kisimani halijachimbiwa."

"Litachimbiwa lini?"

"Wamesema bajeti ijayo."

Nilikaa chini palepale kwenye tope lililobaki jana. Jamani, niambieni nimkasirikie nani. Askari wa mkoloni alimwaga maji ya mama huku anamtazama usoni, na mama akajua amesimama wapi. Hawa wa kwetu, watoto wa zile kadi alizobeba kichwani, wameleta maji ya kuonyesha, wakapigiwa makofi na mimi mwenyewe, wakaondoka na gari zao. Miaka yote hii mama alikuwa na mtungi, hana maji. Sasa maji hana na mtungi hana, na aliyeutoboa ni mimi, mwanawe.

Nilirudi nyumbani. Leah alikuwa anajifunga kanga, anajiandaa kwenda ng'ambo, Zambia siku hizi, kwa njia za panya, kwenye chemchemi ileile ya binamu.

"Leah," nikamwita. "Nikifa, ndoo yangu msiitoboe. Umenisikia? Mpaka maji yaje, na yakae."

Akaigeuza ndoo anionyeshe kitako.

"Hii, bibi? Ilishatoboka mwaka juzi. Nimeiziba kwa nailoni ya kuyeyusha."

Akaishika mkononi, akatoka mbio kuwahi foleni.