Lami Chini ya Skii za Eilert

"Nani alikutuma, Oddmund? Nakuuliza, nani alikutuma?"

"Hakunituma mtu. Ilikuwa siku ya msaragambo, wewe uko kwa dada yako, mimi nikasafisha skii za jengo zima. Na zako."

"Hizi si zangu! Ni za Eilert!"

"Haya, za Eilert. Zilikuwa chafu, mama. Uchafu umegandamana mpaka..."

"Uchafu! Mnasikia jamani? Kazi ya mkono wa mume wangu anaiita uchafu!"

Kusikia walikuwa wanasikia. Pale Tynset, mji mdogo wa Norwe, mwezi wa Machi, theluji ya mapaani ikianza kudondoka matone na kila mtu akiwaza kibanda chake cha mlimani cha Pasaka, ugomvi wa majirani ni mali ya wote. Solfrid, mke wa Oddmund, alikuwa ameshateremka na mfuko wa takataka wenye ganda moja tu la chungwa, akasimama mlangoni mwa banda la skii kama mtu aliyesahau jalala liko upande gani.

Gudveig, mjane wa Eilert, hakumtazama. Alikuwa amezipakata skii zile ndefu za mbao za kutelezea thelujini, matumbo yakiangalia juu. Katikati, pale mguu unapokaa, ndipo Eilert alipopaka nta yake ya mwisho, ile ya kuzuia skii zisirudi nyuma mtu akipanda kilima. Asubuhi ile alitoka, akazunguka msituni, akarudi, akazitundika kwenye kigingi chake, akaketi ngazini avue viatu, na hakuinuka tena. Tangu hapo yalikuwa yamepita majira mawili ya baridi, na Gudveig hakupanda skii hata mara moja. Nyumba yake, ambayo zamani ilikuwa haikauki wageni, ilikuwa imenyamaza. Alichofanya ni kuja bandani mchana, watu wakiwa kazini, akapitisha kidole juu ya ile nta iliyonasa nyuzi na sindano za misonobari. Mahali pamoja palikuwa na alama ya dole gumba. La Eilert. Hakumwambia mtu.

Sasa kidole kilipita juu ya mbao kavu inayonuka tapentaini.

"Umekwangulia nini?" akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Kikwangulio cha chuma. Halafu tapentaini na tambara, kama siku zote."

"Haikubaki hata kidogo?"

Oddmund akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Gudveig, nikwambie kweli? Hutanipiga na hizo skii?"

"Sema kwanza."

"Ilikuwa gundi."

"Gundi gani?"

"Ile nta ya kunata, ya theluji ya majimaji. Na siku ile theluji ilikuwa mpya, kavu kama unga! Bwana kapaka gundi. Nimeikwangua huku najiuliza, huyu mtu alifikaje nyumbani?"

Solfrid akaweka mfuko wake chini.

"Mimi nilimwona," akasema, na ilionekana neno hilo alikuwa amelificha kwa muda mrefu. "Nilikuwa dirishani, namwagilia maua."

"Unamwagilia maua kutwa nzima wewe," Oddmund akanung'unika.

"Nyamaza. Theluji ilikuwa imemganda chini ya skii, shoga, donge hili hapa! Kanyanyuka juu utadhani kavaa mchuchumio. Hatelezi hata kidogo, anatembea! Na bado anapunga mkono, anaamkia watu kama waziri."

Gudveig akamkazia macho. "Alinidanganya," akasema polepole. "Aliniita kutoka pale ngazini, mimi niko jikoni. 'Gudveig, leo zimeteleza kama siagi kwenye kikaango.' Ndilo neno lake la mwisho, Solfrid. Miaka yote hii nalitunza."

"Kama siagi!" Solfrid akashika mdomo.

"Mwongo mkubwa yule!"

Kicheko kilimtoka Gudveig bila kumwomba ruhusa, kikaja na machozi yake, akalazimika kuzilaza skii kwenye benchi asije akaziangusha. Oddmund naye akacheka kwa uangalifu, jicho moja likiangalia mlango.

Lakini Oddmund alipowasha kichomeo cha gesi, kile cha kuyeyushia lami ya msonobari inayokinga mbao na maji, Gudveig aliushika mkono wake. "Hapana. Ukipaka lami yako juu, yeye ndiyo basi tena."

"Sijagusa lami. Nakausha tapentaini tu. Mbao ina kiu hii, itapasuka. Niache nipitishe moto, kisha utaamua wewe."

Akamwachia mkono. Ulimi wa moto ukapita juu ya mbao, bluu, laini, hausimami mahali pamoja, kama mtu anayempapasa paka aliyelala. Mwanga wa theluji ulikuwa ukiingia dirishani na kutanda juu ya kila kitu, hata vumbi likawa linaelea bila haraka. Kisha mbao ikaanza kutoa jasho. Tone moja la kahawia, la pili, halafu kwa urefu wote wa skii matone yakachomoza kutoka ndani, yakachemka kidogo, yakang'aa.

Harufu ikafika. Lami ya msonobari, nzito, tamu, ya moshi. Haikuwa harufu ya banda. Ilikuwa harufu ya shingo ya Eilert chini ya sweta, harufu ya kibanda cha mlimani asubuhi soksi zikiwa juu ya jiko, na Gudveig akawa yuko njiani nyuma yake, misonobari imeelemewa na theluji, mgongo wake mpana ukipanda na kushuka mbele, wala hauharakishi wala hauondoki. Akahisi kabisa kwamba akinyoosha mkono ataushika mkanda wa begi lake. Hakunyoosha. Ilitosha kufuata.

"Hii imetoka wapi?" aliuliza baadaye, macho yake bado kule.

"Ndani. Mimi sijapaka kitu. Lami haikai juu, mama, inazama. Ile gundi ilikuwa ya siku moja tu. Hii ni ya kila majira aliyowahi kuzipaka lami."

"Nikipaka nyingine?"

"Itashuka kukutana nayo."

Gudveig akaguna, akamnyang'anya kichomeo. "Lete kopo. Na wewe unapitisha moto mbio mbio kama umefukuzwa. Tazama."

Akapaka mwenyewe kwa brashi, akafuatisha moto, akafuta kwa tambara kutoka ncha hadi mkia, tena na tena, mpaka tumbo la skii likawa na rangi ya kahawa na kidole kikipita hakinati. Solfrid alishika skii ya pili na kueleza habari za mtaa mzima, za miaka miwili, maana alikuwa na deni kubwa la umbea kwa Gudveig. Gudveig alijibu, "Acha wee!" na, "Yule? Na yule mwalimu?" na mikono haikusimama.

Walipozisimamisha skii ukutani zipoe, jua lilikuwa limegeuka manjano juu ya theluji ya uani.

"Nyie mmekula?" Gudveig akauliza, akijifuta mikono.

"Tumekula," alisema Oddmund kwa adabu.

Solfrid akamkanyaga mguu. "Hatujala."

"Basi ingieni. Nina krimu chachu na nyama kavu. Uji wa krimu utaiva wakati Solfrid ananisimulia vizuri jinsi yule bwana alivyopanda kilima na gundi miguuni. Ingieni, ingieni, mnangoja nini?"