Mkate wa Kushibisha

Mkate wenyewe ulikuwa na rangi ya kadibodi iliyonyeshewa, na kusema kweli, kadibodi ingekuwa na nafuu. Tryphena aliuma kipande kidogo, akatafuna, akatafuna tena, na kile kitu badala ya kulainika kikazidi kuvimba mdomoni. Nje kilikuwa kikavu kama pumba. Ndani kilikuwa na utelezi wa kamasi, mnisamehe mnaokula, lakini neno lenyewe ni hilo. Kinyaa kilimpanda kutoka tumboni hadi kooni na machozi yakamlengalenga.

"Mama, uko sawa?" akauliza Shanice, msichana kutoka Nairobi aliyekuwa akizunguka ukumbi wa kanisa na tableti mkononi.

"Niko sawa kabisa, mwanangu. Mkate ni mtamu sana."

Hapo ndipo watu wa mlima wa Sagalla wanapoudhi. Wana adabu mpaka inakera. Mgeni akikupa chakula, ni kitamu. Akikuuliza kama umeshiba, umeshiba, hata kama utumbo unanguruma mpaka nje. Na Tryphena ndiye aliyekuwa bingwa wa adabu hiyo. Bibi harusi yeyote wa kanisa lao, kabla ya kwenda kwa wakwe, alipelekwa kwake kwanza afunzwe kukaa mezani: usishike kijiko kabla ya wenzako, usiombe kuongezewa, na usikunje uso hata ukipewa nini.

Basi Shanice alipogeuka, kipande kilichobaki kikaingia mkobani. Ukumbini kote mikoba ilikuwa ikifunguliwa na kufungwa kimyakimya, na kila mama alikuwa akitabasamu. Tryphena alipofika nyumbani alimtupia mbuzi wake kile kipande. Mbuzi akakinusa, akapiga chafya, akaenda zake kutafuna mfuko wa nailoni.

Mwenye mkate alikuwa Bwana Sylus, mkuu wa utafiti wa kampuni moja ya mikate, mtu mpole mwenye viatu vinavyong'aa. Siku ya kwanza aliwaeleza vizuri tu. Alisema kuna nyuzinyuzi zinazotolewa kwenye maganda ya nafaka, zinasagwa na kuongezwa kwenye unga. Zikifika tumboni zinavimba, na mtu anakaa muda mrefu bila hamu ya kula. Angalau ndivyo inavyodhaniwa, akasema, na ndiyo maana walikuja kupima. Wiki ya kwanza akina mama wangepewa mkate wa kawaida saa nne, wiki ya pili mkate wa nyuzinyuzi. Mchana wangepewa wali na maharagwe, na kila sahani ingepimwa kwenye mizani kabla na baada.

Sasa, kwa nini utafiti wa kuwapunguzia watu hamu ya kula uletwe mlimani ambako mvua zilikuwa zimekosa na mahindi yamekauka yakiwa na urefu wa goti? Hakuna aliyeuliza. Kuuliza ni kumvunjia mgeni heshima. Tena kulikuwa na wali.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mkate wa kawaida ukaliwa, wali ukaliwa kwa kiasi cha heshima. Wiki ya pili ndiyo ilikuwa balaa. Hata ukimega kipande cha ukucha tu, ule utelezi ulikuganda kwenye meno na harufu yake ya gunia bichi ikakaa puani mpaka mchana. Wali ukiletwa, unautazama, roho inachafuka. Tryphena alikuwa akila vijiko vichache na kusukuma sahani, na si yeye peke yake.

"Njaa yako ni kiasi gani, kutoka sifuri hadi kumi?" Shanice alikuwa akiuliza.

"Sifuri, mwanangu. Nimeshiba."

Bwana Sylus alikuwa akitazama mizani yake na kutabasamu kama mtu aliyeoa juzi.

Siku ya mwisho alisimama mbele ya ukumbi na kuwashukuru. Matokeo yalikuwa mazuri kuliko alivyotarajia. Kisha akaongeza kwamba kampuni, kwa moyo wake mwema, ilikuwa imezungumza na Mwalimu Mwandawiro, mkuu wa shule ya msingi pale juu. Githeri ya mchana, yale mahindi na maharagwe, ilikuwa imeishinda shule tangu ukame uanze. Sasa kampuni ingeleta mkate huu bure. Watoto wangekula saa nne, nao ungewashikilia mpaka jioni, na jiko la shule lingefungwa.

Wakapiga makofi. Tryphena naye akapiga, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshazoea. Ndipo akamkumbuka Abby na mikono ikasimama hewani.

Abby alikuwa mjukuu wake, mtoto wa marehemu binti yake. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyembamba, na jioni walikuwa wakinywa uji mwepesi, basi. Chakula cha maana alichokipata mtoto yule kwa siku ni ile githeri ya shule. Na sasa wangemwekea kamasi kavu mahali pake, kwa sababu bibi yake alisema ni tamu.

Nje ya ukumbi akamshika mkono Susan, mwenyekiti wa akina mama.

"Susan, twende tuseme ukweli. Hatukuula."

"Tryphena, tutaonekana watu wa aina gani? Wiki mbili tunakula wali wao na kuwadanganya?"

"Tuonekane waongo, lakini watoto wale."

"Basi enda useme wewe. Si wewe ndio unatufunzanga?"

Neno hilo likamchoma. Hata hivyo alipanda mpaka shuleni. Mwalimu Mwandawiro, ambaye siku zote alikuwa mtu wa haki, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Mama Tryphena, nyinyi wenyewe mliambia wageni mmeshiba. Leo unaniambia mlikuwa na njaa. Sasa mimi niamini gani?"

"Tulikuwa na adabu, mwalimu."

"Jumatatu watoto wanauonja mbele ya wageni. Njoo ujionee. Wakiukataa, na mimi naukataa siku hiyohiyo. Lakini wakisema wameshiba, mimi sina nguvu ya kupinga."

Alirudi nyumbani na matumaini kidogo. Watoto ni watoto, alijiambia. Mtoto hali kitu kibaya.

Jumatatu watoto walipangwa mistari mbele ya madarasa, kila mmoja na kipande chake. Bwana Sylus alikuwa amevaa viatu vilevile. Akina mama nao walikuja, wakasimama kando na leso zao safi, wakitabasamu. Tryphena alitazama vile vinywa vidogo vikitafuna. Nyuso hazikukunjwa. Hakuna hata mmoja aliyelia, na moyo wake ukaanza kushuka.

"Mkate ni mtamu?" akauliza Bwana Sylus.

"Mtamuuu!"

"Mmeshiba?"

"Tumeshibaaa!"

Mwalimu Mwandawiro akamtupia Tryphena jicho, akainua mabega.

Tryphena akakata mstari mpaka kwa Abby. Shavu moja la mtoto lilikuwa limevimba kwa tonge ambalo hakuweza kulimeza. Macho yamejaa maji, mgongo umenyooka, mikono nyuma, na midomo imetabasamu vizuri kabisa.

"Abby. Niambie mimi. Una njaa?"

Mtoto akawatazama wageni. Akamtazama bibi yake, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua.

"La, nyanya," akasema kwa shida, akikwepa lile tonge. "Nimeshiba. Asante."

Katika wiki zote zile, hakuna kilichomtia Tryphena kinyaa kama tabasamu lile. Lilikuwa lake. Alikuwa amelipanda mwenyewe kwenye uso wa mtoto mwenye njaa, na lilikuwa limestawi. Akajichukia.

Akaenda kwenye meza, akachukua kipande, akasimama mbele ya Bwana Sylus, karibu kiasi cha kumwona jasho juu ya mdomo. Akauma pande kubwa. Akatafuna mdomo wazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe, taratibu, ili kila mtu aone. Kisha akainama na kulitema lote chini, puuu, mbele ya vile viatu.

Susan akajifunika uso kwa leso. Mmoja wa akina mama akasema, "Yesu wangu."

"Ni kibaya," Tryphena akasema. Ute ulikuwa bado unaning'inia kidevuni, hakuufuta. "Ni kibaya, kinanuka, na mimi nina njaa. Nimekuwa na njaa tangu mfike. Chakula chenu nilikuwa nikimpa mbuzi, na mbuzi alikikataa."

"Mama, tafadhali," akaanza Bwana Sylus.

Tryphena aligeuka kumtazama Abby, na hakumwita wala kumkonyeza. Mtoto alikuwa amekodoa macho kwenye ule uchafu ulioko chini, kisha kwenye uso wa bibi yake, akitafuta alama ya hasira na asiione. Akainua kiganja, akakiweka chini ya mdomo, akalitema lile tonge polepole. Akasimama nalo mkononi, hajui aliweke wapi.

Halafu mtoto akamgeukia mkuu wa shule.

"Mwalimu," akasema, "mimi nina njaa."