Vidole vya Milembe

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Kasoli na chama cha ushirika kikafa, Benedikta alipunguzwa kazi. Alikuwa mpiga chapa. Alirudi nyumbani Bariadi na taipureta kuukuu ambayo hakuna aliyeitaka, na hasira ambayo hakujua aipeleke kwa nani.

Mwaka huohuo alimtoa shule binti yake, Milembe. Mtoto hakuona vizuri ubaoni, na mwalimu alimchapa kila alipokosea kunakili. Mdogo wake, Masalu, akakataa kwenda bila dada yake. Basi Benedikta akawafundisha wote nyumbani: hesabu asubuhi, jioni kupiga chapa. Aliwafunika mikono kwa kanga, akawasomea maneno, wao wakapiga. Aliwaambia kazi hii haitaki macho, vidole ndivyo vinavyojua njia.

Masalu alishika upesi. Milembe aliteleza kila mara kwenye herufi A.

Siku moja, sokoni, aliyekuwa bosi wake Benedikta kwenye chama, sasa wakala wa kampuni ya pamba, alimwuliza mbele ya watu kama bado anawachezesha watoto mashine. Benedikta alifika nyumbani, akaanza kuwasomea watoto maneno. Milembe akakosea, akarudia, akakosea tena. Rula ikamshukia juu ya kanga.

Milembe hakulia. Alitoa mikono, akaitazama.

"Mayu, unanifundisha kuchapa, au unanichapa?" akamwuliza mama yake.

Benedikta alimwambia anyamaze, kwamba hajui jinsi watu wanavyotupwa. Alisema mengi, kwa Kisukuma, majirani wakasikia. Mtoto akangoja amalize.

"Mwalimu naye alikuwa na sababu zake," akasema.

Benedikta aliivunja rula gotini. Hilo halikumpoza. Alirudi sokoni akihema, akamkuta yule wakala kwenye mizani.

"Wanangu hawachezi," alimwambia. "Wewe ndiye uliyekila chama chetu, halafu ukahamia kwa wenye fedha."

Wakala akamwambia mpimaji aendelee kupima.

Benedikta aliporudi nyumbani alimkuta Masalu akimsomea dada yake, mashine inalia. Akavuta kigoda, akaketi karibu. Milembe akaacha kupiga, akaficha vidole mapajani hadi mama aliposogea mlangoni. Kuanzia hapo Benedikta alisomea akiwa amesimama mlangoni. Baada ya muda Milembe aliijua kazi, akapiga kurasa nzima bila kosa. Lakini mama akikaribia, mashine ilinyamaza.